Divai kuu za Ufaransa: nani abebe gharama ya kungoja?

Mwezi Aprili 2012, Château Latour, mojawapo ya mashamba ya Bordeaux, eneo la divai kusini-magharibi mwa Ufaransa, yaliyowekwa daraja la kwanza katika orodha rasmi ya ubora ya 1855, lilitangaza kwamba halitauza tena divai yake ingali ndani ya mapipa. Mavuno ya 2011 yangekuwa ya mwisho kuuzwa hivyo, na kuanzia yale ya 2012 chupa zingebaki katika maghala ya shamba lenyewe hadi wahusika waone kwamba zimekaribia kunyweka. Wengi waliuchukulia uamuzi huo kuwa mvutano wa kibiashara kati ya mmiliki tajiri, François Pinault, na madalali wa Bordeaux ambao kwa vizazi vingi wamesimama katikati ya mkulima na mnunuzi. Mvutano ulikuwepo, lakini nyuma yake kuna swali ambalo wapenzi wa divai za Ufaransa hawapendi kuulizana waziwazi: ikiwa divai hizi zinahitaji miaka 15 au 30 ili zifikie ubora unaotangazwa, nani anapaswa kukaa na chupa miaka yote hiyo, na nani apate hasara ahadi isipotimia?

Utaratibu ambao Latour waliuacha una mantiki yake. Majira ya kuchipua yanayofuata mavuno, wanunuzi na wachambuzi hufika Bordeaux kuonja divai yenye umri wa miezi sita tu, shamba hutaja bei, madalali huchukua mgao wao, na mteja wa mwisho hulipa fedha taslimu kwa kitu atakachokipokea takribani miaka miwili baadaye. Mkulima anapata mtaji wa msimu ujao bila kukopa benki. Mteja naye, walau kwa nadharia, anapata bei nafuu kuliko ile atakayoikuta dukani baadaye, na walionunua mavuno ya 1982 kwa njia hiyo walifaidika sana. Hata hivyo, nafuu hiyo haikudumu. Bei za mavuno ya 2009 na 2010 zilipandishwa kiasi kwamba wengi walionunua mapema divai za mashamba makubwa waliziona zikiuzwa baadaye kwa chini ya walicholipa. Mteja aliyekuwa akilipwa kwa kungoja, kupitia punguzo la bei, alijikuta anangoja bure.

Je, kungoja kwenyewe kuna maana? Wanaoshuku husema kwamba divai ya zamani haiwi bora bali inabadilika tu, na kwamba waliotumia fedha nyingi kuinunua hawawezi kukubali kwamba imewaangusha. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inapuuza kinachotokea ndani ya chupa. Divai nyekundu ya zabibu za Cabernet Sauvignon huanza maisha ikiwa na tanini nyingi, zile chembe za maganda na mbegu zinazoleta ukakasi mdomoni kama wa ndizi mbichi. Kadiri miaka inavyopita tanini huungana, nyingine huzama chini kama mashapo, na ukakasi hulainika. Harufu ya matunda mabichi hupungua, na mahali pake huja harufu za ngozi, tumbaku, uyoga na majani makavu. Uchachu hulinda divai isichujuke, na sukari husaidia pia. Ndiyo maana divai tamu za Sauternes, zinazotokana na zabibu zilizokaushwa na kuvu shambani, na zile za Chenin Blanc za Vouvray, ambako mavuno ya 1947 ya shamba la Huet bado yanatajwa kwa heshima, huishi kuliko nyingi nyekundu. Chupa ya Château d'Yquem ya 1811 iliuzwa mwaka 2011 kwa pauni 75,000, na aliyeinunua hakununua maji yaliyochacha.

Kwa hiyo ukomaaji upo. Tatizo ni kwamba unatabirika vibaya mno. Mavuno ya Bordeaux ya 1975 yalisifiwa kwa ugumu wake, na walioyaweka waliambiwa wavumilie; katika chupa nyingi matunda yalikauka kabla ukakasi haujalainika, na aliyengoja alipata ukavu mtupu. Miaka saba baadaye hali iligeuka. Mavuno ya 1982 yalikuwa laini na yaliyoiva sana, hata baadhi ya wachambuzi, akiwemo Mmarekani Robert Finigan, wakayatilia shaka, huku mchambuzi mwenzake Robert Parker akiyapigia debe na kujijengea jina kwayo. Divai bora za mwaka huo zimevuka miaka 40 zikiwa imara. Zile ngumu zilikufa mapema na zile laini zikaishi, na hakuna kilichozuia magazeti kuendelea kuchapisha kila mwaka jedwali la "inywe kati ya mwaka huu na ule" kana kwamba ni ratiba ya treni.

Upande wa wanaotaka divai inyweke mapema una mtetezi mzito kuliko wengi wanavyokumbuka. Émile Peynaud, mtaalamu wa Bordeaux aliyefariki mwaka 2004, alitumia maisha yake kuwashawishi wakulima wavune zabibu zilizoiva vizuri, wasafishe mapipa yao na wadhibiti uchachu, ili divai isihitaji miongo ya msamaha. Kwa mtazamo huo, sehemu kubwa ya ugumu wa divai za zamani ilikuwa kasoro ya shamba au ya ghala, kisha kasoro hiyo ikapambwa kwa jina la uvumilivu. Kusini zaidi, huko Madiran, ambako zabibu za Tannat zina tanini kali kupita kiasi, Patrick Ducournau alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia ya kupitisha viputo vidogo vya oksijeni ndani ya divai ili ilainike mapema. Wahafidhina walilalamika kwamba hiyo ni hila. Mimi nasema kwamba kama mkulima anaweza kumpunguzia mnywaji miaka kumi bila kumwondolea ladha, mzigo wa kuthibitisha ubaya wake uko kwa anayelalamika.

Pigo kubwa kwa imani ya kungoja, hata hivyo, halikutoka Bordeaux. Lilitoka Burgundy, eneo jingine la divai mashariki mwa Ufaransa, tena kwa divai nyeupe, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kuamua mjadala huu. Divai za Chardonnay za Meursault, Puligny-Montrachet na Corton-Charlemagne zilikuwa na sifa ya kukaa miaka 15 au 20 bila taabu. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu waliofungua chupa za mavuno ya 1995 na 1996 walianza kukuta divai ya rangi ya kahawia, yenye harufu ya tofaa lililobonyea, imechoka kabla haijafikisha miaka kumi. Haikuwa kasoro ya mkulima mzembe mmoja, kwani mashamba yenye majina makubwa kabisa yaliguswa. Tena katika kreti moja, iliyohifadhiwa mahali pamoja, chupa moja ilikuwa safi na jirani yake imekufa.

Tofauti hiyo ya chupa kwa chupa iliwafanya wengi waelekeze kidole kwenye kizibo, lakini chunguzi hazikuishia hapo. Wengine walitaja mashine mpya zinazokamua zabibu kwa upole mno, hivyo kuacha kwenye maganda vitu ambavyo zamani vilikuwa vikiilinda divai. Wengine walilaumu kupunguzwa kwa salfa inayoihifadhi divai, wengine tabia ya kukoroga sira, yaani masalia ya hamira, ndani ya pipa ili divai iwe nzito. Huenda sababu zote zilisaidiana. Jambo la kutia moyo ni kwamba baadhi ya wakulima walichukua hatua zenye gharama kwa heshima yao: Domaine Leflaive la Puligny, shamba ambalo Anne-Claude Leflaive aliliongoza hadi kifo chake mwaka 2015, liliacha kizibo cha gome zima kuanzia mavuno ya 2014 na kuhamia vizibo vya Diam, vinavyotengenezwa kwa gome lililosagwa, likasafishwa kwa dioksidi ya kaboni na kuunganishwa upya. Kwa mteja wa Burgundy aliyelelewa kuamini kizibo kizima kuwa sehemu ya adabu ya divai, hatua hiyo ilikuwa sawa na kukiri hadharani.

Lakini angalia nani alilipa. Mnunuzi wa kreti ya 1996 aliilipia, akaigharimia ghala kwa miaka kumi, akafungua chupa zilizoharibika, na kwa kawaida hakuwa na mtu wa kumdai. Ahadi ya kukomaa haina hati ya dhamana. Hapo ndipo uamuzi wa Latour unapopata uzito, kwa sababu shamba linaloweka chupa zake lenyewe linakuwa la kwanza kugundua kwamba zimeharibika, na hasara inaanzia kwake.

Isitoshe, jambo hili si geni Ufaransa. Katika milima ya Jura, divai ya njano ya zabibu za Savagnin haiwezi kuuzwa kabla ya kutimiza zaidi ya miaka sita tangu mavuno, nayo hukaa ndani ya mapipa yasiyojazwa, chini ya utando wa hamira, huku sehemu yake ikipotea kwa mvuke. Huko Champagne, divai ya mwaka mmoja maalumu sharti ikae kwenye maghala ya mtengenezaji angalau miaka mitatu. Sheria imeamua nani angoje, na bei imejengwa juu ya uamuzi huo tangu mwanzo.

Chupa isiyohama pia ina historia isiyo na mashaka. Mwaka 2008, Laurent Ponsot, mkulima wa divai wa kijiji cha Morey-Saint-Denis huko Burgundy, alisafiri hadi New York kuzuia mnada wa chupa zenye jina la shamba lake, zikidaiwa kuwa divai za shamba la Clos Saint-Denis za kati ya 1945 na 1971, ilhali familia yake ilianza kutengeneza divai hiyo miaka ya 1980. Chupa zilitoka kwa Rudy Kurniawan, muuzaji wa divai adimu, ambaye mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha miaka kumi kwa ulaghai. Udanganyifu wa namna hiyo hustawi pale ambapo divai imepita mikono mingi kwa miongo mingi.

Hata hivyo, siwezi kudai kila mkulima aige Latour, na hapa upande wa pili una haki kamili. Pinault ana fedha za kufungia mavuno ya miaka kumi ghalani. Mkulima wa Burgundy mwenye hekta nne zilizogawanyika katika vipande vya hapa na pale, kwa sababu sheria ya mirathi imekuwa ikigawa mashamba tangu enzi za Napoleon, hana. Shamba la Clos de Vougeot pekee, lenye hekta zipatazo 50, lina wamiliki wapatao 80. Ukimlazimisha mtu wa namna hiyo angoje, atakopa, na akishindwa kulipa ataliuza shamba kwa tajiri mwenye uwezo wa kungoja. Tena anayengoja hangoji bure: gharama ya ghala na ya mtaji uliolala huongezwa kwenye bei, na wanunuzi wa Latour walilalamika kwamba chupa zilizotoka ghalani kwa kuchelewa zilikuwa ghali kuliko zile zile zilizokwisha kuwa sokoni.

Pia kuna wanaotaka kungoja wenyewe kwa furaha, wenye ghala lenye ubaridi wa nyuzi 12 au 13 usiobadilika. (Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa na kuweka chupa juu ya kabati asijihesabu kati yao, joto la pwani litaikomesha badala ya kuikomaza.) Watu hao wana haki ya kununua mapema, mradi walipwe kwa hatari wanayoibeba, yaani wapewe bei ya chini kwelikweli na waambiwe chupa imezibwa kwa kizibo gani.

Hatari hiyo sasa inaongezeka. Watafiti waliochapisha mwaka 2019 kumbukumbu za mavuno ya Beaune, mji wa Burgundy, kuanzia 1354 walikuta kwamba tangu 1988 zabibu huvunwa wastani wa siku 13 mapema kuliko ilivyokuwa kwa karne zilizotangulia. Sukari imepanda, kilevi kimepanda, uchachu umeshuka. Mwaka 2003, Burgundy ilipovuna mwezi Agosti katikati ya wimbi la joto, wataalamu waligawanyika kuhusu muda ambao divai hizo zingeishi, na mwongozo wa babu zao haukuwasaidia, kwa kuwa babu zao hawakuwahi kuvuna zabibu za aina hiyo. Shamba linalotoza bei ya miaka 30 kwa divai ya joto hilo, iliyokaa pipani miezi sita, linauza makisio. Mnunuzi adai punguzo linalolingana na makisio hayo, au aiache pale ilipo hadi shamba lenyewe liwe tayari kuifungua na kuionja mbele yake.