Bima ya mtoto kupitia shule: wazo lililozikwa mapema

Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) wa Tanzania ulipositisha kusajili mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, bima yake ya watoto, na kuwaambia wazazi wapitie shuleni, ulipokea lawama za kila aina. Kadi imesharudi baadaye. Lakini hoja ya shule ilizikwa haraka mno, na mimi ni mmoja wa waliobaki wakiifikiria.

Chama cha kufa na kuzikana kikipokea wanachama siku ya msiba, hakimalizi mwaka. Ndiyo yaliyoupata Mfuko. Mzazi mwenye mtoto mzima hakuona haraka ya kulipa Sh50,400 za kadi ya mwaka, ila aliyeambiwa mwanawe ana tundu kwenye moyo alilipa siku hiyohiyo, na nani angemlaumu? Sasa, ni wapi utawakuta wazima na wagonjwa kwenye orodha moja, bila mtu kuwachagua? Kwenye daftari la mahudhurio.

Tena mwanafunzi wa msingi ndiye tuliyemsahau. Sera ya Afya ya 2007 inawasamehe malipo mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito, na mzee wa miaka 60 asiye na uwezo. Mtoto anapovaa sare ya darasa la kwanza, msamaha umeshamwacha. Kwenye shule binafsi yenye nesi na kitanda, homa ikimkamata atapata pa kujilaza. Kwenye ya serikali mwalimu anampigia mzazi, na mzazi anatafuta hela kwanza, zahanati baadaye.

Waliopinga walikuwa na lao. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, haisubiri mtoto aanze shule, na mwenye miaka mitatu hana mwalimu mkuu wa kumwandikisha. Mama wa mtoto huyo alikuwa na haki ya kukasirika.

Kwangu mimi, kasoro kubwa ilikuwa kuzichukulia shule zote kama shule moja. Kwa shule binafsi, bima ni mstari mmoja zaidi kwenye ankara ya ada. Kwa shule ya serikali, tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mwalimu mkuu anayeipenda kazi yake anaogopa kuitisha hata mchango wa chaki. Ndipo hesabu inaponinyima usingizi. Ruzuku ya uendeshaji ni Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo Sh4,000 hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Zinazoingia shuleni ni 6,000, yaani mia tano kwa mwezi. Zidisha kwa miaka saba: 42,000. Mtoto anamaliza darasa la saba, na ruzuku yote iliyoingia shuleni kwa jina lake haijafikia bei ya kadi ya mwaka mmoja. Halafu tunamwambia mwalimu mkuu aandikishe watoto elfu moja!

Lakini bei hiyo si ya msahafu. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, nje ya Dar es Salaam ilipangwa Sh30,000 kwa kaya ya watu sita, sawa na 5,000 kwa kichwa. Inaishia hospitali ya mkoa, kwa hiyo haitamfikisha mtoto kwenye upasuaji wa moyo. Ila malaria, kichocho, nimonia, jino lililooza, vyote vinaishia humohumo, na ndivyo vinavyomtoa mtoto darasani. Kwa shule ya watoto elfu moja ni milioni tano, pungufu ya ruzuku yenyewe. Serikali ikilipa hiyo, shule ya umma inaingia bila mzazi kuchangishwa, shule binafsi inaendelea na ankara yake, na wagonjwa wa rufaa wanabaki kwa NHIF.

Kinachonitia shaka ni dirisha la dawa. Wanachama wa CHF wamelalamika miaka nenda rudi kwamba wanaonyesha kadi na kuandikiwa dawa wakanunue nje. Mama akijibiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu atamwacha mtoto alale nyumbani, kadi ikiwa mkobani.