Pamba ya mjomba, supaglu ya kijana na dele la watu

Ubao wa mwembe una tabia moja mbaya sana, siku ya kununua unakuonesha uzuri wake wote, tundu linatokea ukishapiga randa na mteja ashalipa nusu. Ndo yaliyonikuta. Meza ya zawadi ya bi harusi, kipande kimoja kipana kimeachwa na magome yake pembeni vile watu wanavyopenda siku hizi, na katikati, pale pale jicho linapoenda kwanza, pana shimo la wadudu yai la kuku laingia na nafasi yabaki.

Karakana yangu iko Langoni, mjini Lamu, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani, kwa hio ukiwa na shida huna siri. Mara baraza imejaa na kila mtu ni fundi.

Mmoja anasema puti. Jamani puti ya dukani ni ya vitundu vya misumari, ukiijaza shimo zima inakauka juu ndani bado uji, halafu inasinyaa inapasuka. Mwengine unga wa mbao na gundi nyeupe, hio sawa kwa ufa mwembamba, lakini ukija kupaka vanishi pale panakuwa peusi mteja anauliza hapa pameungua? (Hilo neno la kuungua likumbukeni.) Nta nayo ni laini, ya vijitundu vya mwisho mwisho. Mimi nilitaka epoksi manake shimo kubwa ni epoksi au kiraka cha mbao ile ile, basi. Epoksi nayo ina vituko vyake, lazima upime resini na hadina, yaani dawa yake ya kugandisha, vile kopo linavyosema sio kwa jicho, uzibe chini kwa tepu la sivyo yote inaishia sakafuni, na kwa joto letu hili ukikoroga nyingi kwa mkupuo inachemka mle mle kikombeni. Sasa epoksi ilikuwa imekwisha, mpaka iagizwe Mombasa, na harusi ni Ijumaa.

Hapo ndo akaingia mjomba. Mjomba amejenga vyombo vya bahari Matondoni tangu kijana na kwake hakuna tundu duniani lisiloziba kwa kalafati. "Chombo chaenda bahari kuu kwa pamba na mafuta, sembuse meza ya kuekea vikombe?" Keshakaa, katoa pamba, nyundo na patasi yake ile asiyomwazima mtu, na kichupa. Bahati mbaya mama wa bi harusi akawa anapita kukagua.

"Shikamoo mzee. Hicho kichupa ni cha nini?"

"Marahaba mwanangu. Sifa hii, mafuta ya papa."

Akanigeukia mimi. "Fundi, mwanangu ataletewa wageni kwenye meza yanuka papa?"

Basi sifa ikarudi mfukoni, mjomba akanuna, akaishindilia pamba kavu kavu mpaka shimo likajaa, safi kabisa lazima niseme, halafu akaniambia lilobaki ni lako akaenda zake barazani. Mimi nikatoka kumsindikiza yule mama manake alikuwa bado ana maneno.

Ndani nimemwacha kijana wangu wa kazi. Huyu bwana amejifunza ufundi kwa simu. Kaona huko mtu anamwagia supaglu kwenye unga wa mbao na tundu linakuwa jiwe papo hapo, na ni kweli, kwa vitundu vidogo inafanya kazi. Akaona pamba na unga si tofauti. Akakata vichupa vyote vilivyokuwa kwenye droo akavimimina kimoja baada ya chengine, ili ishibe, ndo alivyosema baadae.

Nikasikia tsss. Kugeuka, meza inatoa moshi mweupe! Hakuna kiberiti, hakuna sigara, meza tu yafuka yenyewe. Mjomba akawahi wa kwanza, ule moshi ukamwingia, akarudi nyuma analia, "Mato yangu! Leteni mai! Mai!" (Macho na maji hayo, kwa Kiamu.) Ndani maranda tele, juu makuti, na Lamu hakuna haja ya kumweleza mtu moto na makuti. Majirani wakatoka na ndoo mbio, kumbe kichochoroni pana punda na mizigo ya mchanga, ameona moshi kagoma katikati ya njia, hasogei mbele wala nyuma, ndoo zote zimekwama nyuma yake na mwenye punda anamsihi kwa majina ya baba yake.

Upande wetu wa punda alikuwepo muuza kahawa peke yake. Mjomba hakuuliza bei. Akampokonya dele lake la kahawa akalimwaga lote juu ya meza.

"Mjomba, ni kahawa hio!"

"Kwani kahawa haina mai?"

Ikazima. Sayansi yake nimekuja kuielewa baadae: supaglu ikigusa pamba inaganda kwa kasi na ikiganda inatoa joto, kitone hukioni kitu, lakini pamba ina nyuzi chungu nzima na kijana kamimina vichupa vyote, joto likatoka kwa pamoja. Kijana mwenyewe tumemkuta vidole viwili vimeganda kwenye patasi ya mjomba, na mjomba amemshika mkono hamwachi, sio kwa huruma, anailinda patasi. Wasichana wa jirani ndo waliotuokoa na dawa ya kutolea rangi ya kucha, asetoni inalainisha supaglu taratibu.

Ile pamba ilikuwa jiwe la hudhurungi, nikaichonga yote nikatia kiraka cha mwembe, kikakubali. Kilichogoma ni kahawa. Imezama kwenye mbao, nikapiga msasa mpaka nikachoka, mwisho nikanunua kahawa nyengine nikapaka meza nzima ilingane, juu vanishi.

Alhamisi yule mama akaja. Akaizunguka meza, akaipapasa.

"Fundi, rangi hii nzuri. Umepaka nini?"

"Kahawa, mama."

"Ahsante mwanangu, nishakunywa nyumbani. Nauliza rangi."