Kumimina Maji Mazito kwa Kanuni: Ni Ulaghai?

Malindi tunaijua bahari ya juu: kusi, kaskazi, mkondo unaogeuka. Setilaiti nazo, kama zilizorushwa Ngomeni kati ya 1967 na 1988, zikitazama bahari huishia usoni. Maji mazito, yaliyolemewa na chumvi au baridi, yako chini zaidi. Katika Bahari ya Shamu jua hukausha karibu mita 2 za maji kwa mwaka, na chumvi hufikia gramu 40 kwa kilo. Maji hayo huvuka kizingiti cha Hanish, mwinuko wa sakafu wenye kina cha mita 140 hivi, yakapita mlango wa Bab el-Mandeb na kuporomoka Ghuba ya Aden, yakatulia kati ya mita 400 na 800, kisha yakasambaa kusini kupitia upande wa Somalia.

Modeli za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazoigiza bahari na hewa, huyapoteza njiani. Wapo wanaosema dawa ni kungoja kompyuta zenye nguvu, gridi (miraba ambamo modeli huigawa bahari) iwe ndogo, fizikia ijitokeze yenyewe. Kuandika kanuni inayopima maji kizingitini, ikakadiria yatazoa maji mengine kiasi gani, kisha ikayaweka kinani, kwao ni ulaghai.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Kanuni iliyotiwa kwenye modeli ya Marekani ya CCSM4 (Danabasoglu na wenzake, 2010) huyaacha maji ya Mlangobahari wa Denmark, kati ya Greenland na Iceland, yachague kina kwa uzito wake, lakini vituo vya kushukia vimepangwa mapema. Njia ikibadilika, modeli haitajua.

Lakini hebu tupige hesabu. Mraba wa digrii moja una kilomita 111 hivi kila upande. Uweke hapa, unameza kutoka Malindi mpaka Mombasa. Bab el-Mandeb ina upana wa kilomita 30 hivi, na mfereji wake wa chini ni mwembamba zaidi. Kwenye gridi hiyo mlango haupo: ama umezibwa, ama mtu ameutanua kwa mkono. Laghai ni nani hapo? Mwaka 1998 watafiti Winton, Hallberg na Gnanadesikan walionyesha kwamba modeli ya vidato, inayokata sakafu ya bahari kama ngazi, inahitaji miraba ya kilomita 3 hadi 5, na matabaka ya mita 30 hadi 50 karibu na sakafu. Ukigawa upande wa mraba kwa mbili, kazi huwa mara 8: miraba mara 4, hatua za muda mara 2. Kutoka kilomita 100 hadi 5 ni mara 8,000, na matabaka bado hatujayagusa. Tena utafiti wa tabianchi unadai karne nzima za kuigiza, si wiki.

Bila miraba midogo hivyo, maji hushuka sakafu iliyokatwa vidato. Kila kidato modeli huona maji mazito yamekalia mepesi, ikayakoroga. Tui la kasimele linafika chuji, likakwama juu kuliko linapostahili. Modeli zinazofuata matabaka ya uzito zimeepuka vidato, ila bila kanuni hazichanganyi vya kutosha. Na msukosuko wenyewe ni wa mita chache. Gridi ya kilomita 1 nayo haiuoni. Anayengoja mashine, basi, anangoja kanuni nyingine.

Ningependa kanuni hizi zipimwe Bab el-Mandeb. Huko maji mazito hutoka kwa wingi majira ya kaskazi, na katikati ya kusi hupungua karibu kukatika. Kanuni iliyorekebishwa kwa wastani wa mwaka itaanguka mtihani huo, na itajulikana ni mstari gani wa kusahihisha.