Nani Aamue Njia ya Pakiti: Kidhibiti Kimoja au Kila Swichi?

Kwa miaka mingi kila ruta, yaani kifaa kinachoelekeza data mtandaoni, imejiamulia njia ya kupitisha pakiti (vipande vidogo vya data) kwa kusikiliza ruta jirani. Mwaka 2008 watafiti wa Stanford na wenzao walichapisha pendekezo la OpenFlow, lililotenganisha uamuzi na usafirishaji: swichi (kifaa kinachopitisha data) itekeleze tu, na maamuzi yahamie kwenye kidhibiti, yaani programu inayouona mtandao mzima kwa pamoja. Mjadala uliozuka haujaisha, na wahandisi wa Nairobi wanaojenga mitandao ya vyuo, benki na vituo vya data wana sababu nzito za kuufuatilia.

Wanaouunga mkono mfumo huu hawasemi ovyo. Mwaka 2013 Google ilieleza B4, mtandao unaounganisha vituo vyake vya data duniani, na kuonyesha kuwa baadhi ya viungo vyake vilitumika kwa karibu asilimia 100 ya uwezo, ilhali mitandao mingi ya masafa marefu huacha zaidi ya nusu ya uwezo kama akiba. Kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, intaneti ilizorota Kenya na kwa majirani. Katika dhiki ya namna hiyo, kidhibiti kinachojua trafiki ipi ni ya hospitali na ipi ni ya video kinaweza kugawa njia iliyobaki kwa busara.

Hata hivyo, tutazame pakiti ya kwanza inapofika kwenye swichi isiyo na kanuni inayoihusu. Swichi humuuliza kidhibiti, na pakiti husubiri jibu. Kidhibiti kikiwa jengo hilo hilo, hakuna atakayehisi. Kikiwa kimekodishwa London, umbali wa kilomita takriban 6,800 kutoka Nairobi hata kwa mstari ulionyooka, mwanga unaobeba data ndani ya nyuzi za kebo hauwezi kwenda na kurudi chini ya milisekunde 68 hivi, na kebo halisi huzunguka mbali zaidi. Utafiti wa Heller, Sherwood na McKeown wa mwaka 2012 ulikuta kwamba mara nyingi kidhibiti kimoja kinatosha kwa upande wa kasi, lakini hakitoshi kabisa kwa upande wa kustahimili hitilafu.

Hofu hiyo si ya kinadharia. Juni 2019 otomatiki ya Google yenyewe ilisimamisha programu za kuudhibiti mtandao katika maeneo kadhaa ya Marekani. Swichi ziliendelea kwa dakika chache kwa maelekezo ya mwisho, kisha uwezo mkubwa ukapotea kwa saa kadhaa.

Kwa maoni yangu, faida ni ya kweli, ila isinunuliwe kwa kuzifanya swichi zishindwe kabisa kujitegemea. Vidhibiti viwe angalau vitatu, maana huamua kwa wingi wa kura na kimoja kikianguka viwili huendelea. Lakini vyote vikiwa chini ya transfoma moja, hesabu hiyo haina maana umeme ukikatika. Itifaki za zamani, yaani taratibu ambazo ruta hutumia kujiamulia njia, zibaki kama njia ya dharura, ingawa kuendesha mifumo miwili kunamwongezea fundi kazi. Na kabla ya taasisi kulipa, muuzaji atakiwe kuvizima vidhibiti vyote kwa saa nzima, mtandao ukiwa na watumiaji, huku mafundi wa taasisi wakipima ni huduma zipi zimebaki hewani.