CIBER: nani hasa anafaidi ruzuku?

Mwaka 1987 nakisi ya biashara ya Marekani ilikuwa imepita dola bilioni 150, na lawama nyingi zilielekezwa Japani. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria kubwa ya biashara, na ndani yake likachomeka vyuo vikuu: serikali itoe ruzuku kwa vituo vya elimu na utafiti wa biashara ya kimataifa, maarufu kama CIBER.

Wanaovitetea huanzia kwenye mgawanyo wa gharama, na hapo wana haki. Serikali hubeba hadi asilimia 90 mwaka wa kwanza, 70 wa pili, kisha 50 kuanzia wa tatu. Zilizobaki hutafutwa na chuo. Sheria pia inadai baraza la ushauri lenye watu wa kitivo cha biashara, wa lugha au masomo ya kimataifa, kampuni za eneo hilo na mjumbe wa gavana, likutane angalau mara moja kwa mwaka. Mwenye kiwanda kidogo anayetaka kuuza nje anapata pa kubisha hodi.

Kasoro nayo imejificha humo humo. Mchango wa chuo waweza kuwa fedha taslimu, au vitu na huduma. Chuo kikubwa kinaweza kuhesabu muda wa maprofesa na kumbi kilizonazo tayari. Kidogo hakina cha kuhesabu, labda kijiunge na wenzake.

Halafu kuna kipimo. Ni rahisi kuripoti idadi ya semina, kozi na washiriki. Kuonyesha kontena ngapi zimeuzwa nje kwa sababu ya semina hizo ni kazi nyingine kabisa: awamu ya ruzuku ni miaka 4, na mhitimu huanza kuamua masoko ya kampuni baadaye sana. Programu ya namna hii ni rahisi kukatwa. Mwaka 2011 fungu zima la elimu ya kimataifa na lugha lilipunguzwa kwa takriban asilimia 40; vituo 33 vya wakati huo vikabaki 17 katika awamu ya 2014.

Wapinzani huuliza kwa nini mlipakodi agharamie vitivo vya biashara vyenye ada kubwa na marafiki matajiri. Kwa semina za uongozi, swali hilo halina jibu zuri. Kampuni zenyewe zinaweza kulipia. Lakini hakuna kampuni itakayolipia darasa la Kiswahili cha biashara lenye wanafunzi saba. Ruzuku ingeelekezwa huko tu, na kwa vyuo vidogo, hata kama idadi ya washiriki kwenye ripoti ingepungua.