Usizitupe pikseli ulizolipia

Kila nikimtembelea jamaa hapa Mombasa nikakuta monita mpya mezani, swali langu la kwanza ni hilo hilo: umeiacha kwenye rezolusheni yake, yaani idadi ya pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, au umeishusha? Mara nyingi nakuta imeshushwa. Herufi zilionekana ndogo kama sisimizi, mwenyewe akaingia kwenye mipangilio, akachagua 1920 kwa 1080, zikawa kubwa, akaridhika. Linaniuma, maana mtu amejinyima apate skrini nzuri, kisha anaitumia kama ile aliyoiondoa.

Kazi yangu ni kunakili barua na tenzi za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika hati hizo nukta ndiyo kila kitu. Nukta moja chini ni ba, moja juu ni nuni, mbili juu ni ta, tatu juu ni tha. Sasa chukua karatasi iliyotobolewa na wadudu, wino umefifia, nukta mbili zimegandana. Kwa monita yangu ya zamani nilikuwa nikikuza picha mpaka neno moja lijaze skrini, na hapo nishapoteza mstari uliotangulia. Kwa monita ya 4K, yenye pikseli 3840 kwa 2160, ukurasa mzima umekaa mbele yangu na nukta naziona.

Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2 na kidogo. Ya 3840 kwa 2160 ina zaidi ya milioni 8, mara nne kamili. Pikseli hizo zimepangwa kiwandani, hazisogei. Ukiwa na skrini ya 2560 kwa 1440 ukaipelekea picha ya 1920 kwa 1080, kila pikseli ya picha inatakiwa ienee kwenye pikseli moja na theluthi ya skrini, kwa upana na kwa urefu. Pikseli haikatiki, kwa hiyo monita inachanganya rangi za majirani, na kingo za herufi zinaingia ukungu. Ndipo watu husema, "Monita hii mbovu."

Dawa yake ni kuiacha rezolusheni ile ambayo kompyuta yenyewe inaipendekeza, kisha kuongeza ukubwa wa maandishi, asilimia 125 au 150, kwenye ukurasa ule ule wa mipangilio. Herufi inakua, na bado inachorwa kwa pikseli zote. Programu chache za zamani zitaonekana na ukungu kidogo. Mimi nimezivumilia hizo, siwezi kuiharibu skrini nzima kwa ajili yake.

Kebo nayo isidharauliwe. Kompyuta yangu ni ya mtumba, ya mezani, na nyuma, kwa kebo za picha, ina tundu la aina ya VGA na mawili ya DisplayPort, ya HDMI haina. Dukani nikapewa kebo yenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili. Picha ilitokea, lakini mshale wa mausi ukawa mzito, kama unaburutwa kwenye mchanga. Nilipofungua mipangilio nikaona Hz 30, yaani picha inachorwa upya mara 30 kwa sekunde. Tundu langu lina uwezo wa 4K kwa Hz 60, kebo ile ndiyo iliyokuwa ikilibana. Nilipopata kebo yenye DisplayPort pande zote mbili, uzito ukaisha papo hapo. HDMI ya toleo la 1.4 nayo ina kikomo hicho hicho cha 30 kwa 4K, la 2.0 ndilo linalofika 60. Kabla hujatoa pesa, geuza kompyuta utazame matundu yake. Tena kebo za aina ile huwa za njia moja: inayotoa picha DisplayPort kwenda HDMI haitakufaa kinyume chake.

Na monita usiiweke ikitazamana na dirisha. Jua letu la pwani linafuta kila kitu, hata pikseli milioni 8.

Kuna barua niliyoinakili mwaka jana, ya mtu wa Mji wa Kale akimwandikia nduguye. Nilisoma, "kuna mbili zimeanguka," nikaweka alama ya kuuliza, maana sikujua ni mbili za nini. Juzi niliifungua tena. Juu ya ile herufi si nukta moja, ni mbili, zimeshikana. "Kuta mbili zimeanguka." Na mstari unaofuata anaomba aletewe chokaa na boriti.