Faji kwa kiwele kilichougua: tuna nini mkononi, tunakosa nini

Mfugaji wa Tukuyu akikuta mabonge kwenye maziwa ya asubuhi, safari yake inajulikana: duka la dawa za mifugo, tyubu ya antibiotiki, chuchu iliyovimba. Ikigoma anajaribu ya aina nyingine, na maziwa anayamwaga kwa siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Akishindwa kuvumilia hasara, anayauza. Mara nyingi hakuna aliyeotesha sampuli ili kujua anapigana na nani.

Katika ugonjwa wa kiwele adui mbaya ni Staphylococcus aureus. Huingia ndani ya seli za kiwele, hujifungia kwenye vijipu ambamo dawa hupenya kidogo tu, na aina zake nyingi hutoa kimeng'enya kinachovunja penisilini. Tyubu inaua walio nje, waliojificha wanarudi. Ndiyo maana habari za bakteriofaji, kwa kifupi faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria, zinasikilizwa kwa hamu Rungwe, Njombe na Mufindi. Ni tiba isiyoacha mabaki ya antibiotiki kwenye maziwa, na haigusi bakteria wengine.

Tiba yenyewe ni kongwe. Félix d'Hérelle aliwapa faji jina hilo mwaka 1917, miaka miwili baada ya Frederick Twort kuandika alichokiona Uingereza, na tangu 1923 kuna taasisi ya faji Tbilisi, Georgia, inayofanya kazi hadi leo. Faji hunasa juu ya bakteria wake, huingiza vinasaba, humgeuza kiwanda cha faji wengine, halafu kimeng'enya kiitwacho endolisini hutoboa ukuta kwa ndani na bakteria hupasuka.

Swali langu ni dogo: je, hayo hutokea ndani ya maziwa? Jibu la jaribio lililochapishwa mwaka 2006 linaumiza. Ng'ombe wa maziwa wenye Staphylococcus aureus waliingizwa kwenye kiwele mililita 10 zenye faji bilioni 125, mara moja kwa siku, siku tano. Robo za kiwele (kila chuchu na sehemu yake) zilizopona ni 3 kati ya 18. Kwa waliopewa maji ya chumvi, hakuna iliyopona kati ya 20. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba faji ndiye aliyeponya. Vipimo vya maabara vilionyesha sababu mojawapo: protini za maziwa hujibandika juu ya bakteria, faji anakosa pa kunasa. Anayetangaza kwamba faji ni tyubu mpya tu asiyaruke matokeo haya.

Upande wa pili una uzito wake. Endolisini ikitengenezwa peke yake haihitaji kuzaliana, inakata ukuta kutoka nje. Mwaka 2001 wanasayansi wa New York walionyesha kwamba nanogramu 10 za endolisini moja zilimaliza takriban bakteria milioni 10 wa streptokoka kwa sekunde tano. Usugu dhidi ya vimeng'enya hivi hujitokeza kwa nadra, kwa sababu sehemu ya ukuta vinayoikata ni ngumu kwa bakteria kuibadili. Ila E. coli, ambaye naye huleta ugonjwa wa kiwele, ana utando wa nje unaoukinga ukuta wake, na endolisini ya kawaida hugonga mlango huo bila kuingia. Tena kimeng'enya ni protini: kusafisha dozi yake ni gharama, na baadhi hupungua nguvu ndani ya maziwa. Hata kwa binadamu njia haijanyooka. Endolisini ya exebacase, iliyojaribiwa kwa maambukizi ya damu, ilisimamishwa mwaka 2022 ikiwa katika awamu ya tatu kwa kukosa dalili ya kusaidia zaidi ya antibiotiki peke yake.

Kumpata faji ndiyo kazi rahisi, na malighafi yetu imejaa mabandani. Chukua maji ya mtaro wa zizi, yazungushe kwenye mashine hadi uchafu utulie, yachuje kwa kichujio cha mikromita 0.22, kisha changanya na mchuzi wa maabara (maji ya virutubisho vya kukuzia bakteria) wenye bakteria aliyetoka kwa ng'ombe mgonjwa. Acha nyuzi 37 usiku kucha, chuja tena, dondosha kwenye sahani iliyotandwa bakteria huyohuyo. Penye doa angavu pana faji. Doa moja huchotwa na kuoteshwa upya mara tatu ili abaki wa ukoo mmoja.

Ugumu unaanza hapo. Vinasaba vyake lazima visomwe, kwa sababu wapo faji wasioua: hujificha ndani ya bakteria na wanaweza kumbebea vinasaba vya sumu. Halafu kuna uhifadhi. Katika jaribio la PhagoBurn la Ulaya, kwa wagonjwa wa majeraha ya moto, faji walikufa baada ya kutengenezwa, na dozi iliyokusudiwa kuwa milioni moja kwa mililita ikashuka hadi kama 100. Asitokee mtu wa kusema baridi ya nyanda za juu za Kitulo itatosha: Juni na Julai usiku hushuka hadi barafu, mchana jua linachoma, na faji huumizwa na yote mawili. Wanataka nyuzi 4 zisizoyumba.

Kwa hiyo ningeanzia nje ya kiwele, kwenye vyombo vya kukamulia na dawa ya kuchovya chuchu, ambako protini za maziwa ni chache. Nje ya mwili faji wameshatumika: Marekani iliruhusu faji wa kunyunyizia nyama dhidi ya listeria, bakteria wa kwenye chakula, tangu 2006.

Na kabla ya hapo, sampuli ya maziwa. Osha chuchu na uikaushe, ipanguse ncha kwa spiriti ya asilimia 70, mwaga michirizi mitatu ya kwanza, kisha kamulia mililita 5 hadi 10 kwenye kichupa safi ulichokilaza, usiguse mdomo wake. Kiwekwe kwenye barafu, kifike maabara ndani ya saa 24. Kikikaa juani kwenye bodaboda, bakteria wa mikono ya mkamuaji watazaana kuliko wa kiwele, na faji atakayetafutwa baadaye atakuwa wa mikono hiyo.